Biashara ya mbao Unguja na Pemba: namna ya kujua faida kabla ya kununua

Mtu anayepita mbele ya banda la mbao akasikia bei ya ubao mmoja wa mbili kwa nne, yaani inchi mbili kwa inchi nne, kisha akaambiwa bei ya ubao uleule huko Mafinga, mji wa mbao mkoani Iringa, huona kana kwamba pesa zimelala chini zinangoja kuokotwa. Tofauti ni kubwa kweli, lakini baina ya bei hizo mbili kuna lori, jahazi, mahamali, ushuru, mbao zilizopinda njiani, mbao zilizoibwa usiku, na fundi aliyesema atalipa Ijumaa bila kutaja Ijumaa ipi. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufungua banda dogo la mbao, Unguja au Pemba, na unakusudia kumwezesha kupiga hesabu ya ubao mmoja tangu kiwandani hadi mkononi mwa mteja, kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza. Kwa nilivyoona mimi, faida ya mbao hupatikana au hupotea wakati wa kununua na wakati zimelala bandani. Bei ya kuuzia huwa imeshapangwa na soko, na mgeni hana nguvu ya kuibadilisha.

Hatua ya kwanza: amua utamuuzia nani

Wateja wa mbao hawafanani, na banda lenye mtaji mdogo haliwezi kuwaridhisha wote. Fundi wa kupaua anataka mbili kwa nne na mbili kwa mbili za futi 12, zilizonyooka, kwa wingi na kwa siku moja, maana akishaanza kupandisha kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, hawezi kusubiri. Anayemwaga zege anataka moja kwa nane au moja kwa kumi za bei ndogo kabisa, wala hajali fundo wala rangi, kwa kuwa ubao wake utatumika mara mbili tatu kisha utatupwa. Seremala wa vitanda, makabati na milango hununua chache na huchagua mmoja mmoja, lakini hulipa vizuri akipata mninga, mkongo, msaji au mfenesi uliokauka sawasawa. Wapo pia waunda vyombo, kama wale wa Nungwi, ila hao wana miti yao na watu wao wa siku nyingi wanaowaletea, na anayeanza asiwategemee.

Ushauri wangu ni kuwashika kwanza wateja wa paa na wa zege, kwa sababu mbao zao ni laini, za paina, hupatikana kwa wingi na hutoka haraka. Mbao ngumu zina faida kubwa zaidi kwa ubao mmoja, lakini ubao wa mninga unaweza kukaa miezi sita ukimngoja mtu wa kuuposa, na muda wote huo pesa yako imelala nao.

Kabla ya kukodi kiwanja, tembea wiki nzima kwenye mabanda ya eneo unalolitaka, iwe ni Mwanakwerekwe au Bububu, Chake Chake au Wete, na uulize bei kama mnunuzi. Andika bei ya kila saizi, na uandike pia saizi ambayo umeambiwa “imekwisha, rudi wiki ijayo” katika mabanda mawili au matatu. Hiyo ndiyo saizi ya kuanzia.

Hatua ya pili: jua mbao zinatoka wapi na zinahitaji karatasi gani

Sehemu kubwa ya mbao laini tunazoziuza visiwani hutoka nyanda za juu kusini, katika mashamba ya Mufindi, Njombe na Makete, na huko Mufindi ndiko liliko shamba la miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Mbao huteremka kwa lori hadi pwani, kisha huvuka kwa jahazi au boti. Kwa anayefanya biashara Pemba, Tanga ni njia ya karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, na ukihitaji msaji, mashamba ya Longuza yapo hukohuko upande wa Muheza.

Upande wa Bara, mazao ya misitu husafiri na hati ya kusafirishia inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, na kwa muda mrefu hayakuruhusiwa kusafirishwa barabarani usiku, kwa hiyo uliza kanuni ya sasa kabla ya kupakia. Hili si jambo la sheria peke yake, ni jambo la gharama: lori lililochelewa kutoka Mafinga likilazimika kulala njiani, usiku huo utaulipia wewe. Hakikisha idadi na saizi zilizoandikwa kwenye hati zinalingana na zilizopakiwa, kwa kuwa ubao wa ziada uliopewa kama bahashishi unaweza kukuzuilia shehena nzima kwenye kizuizi.

Kwa miti ya hapa visiwani, Sheria Nam. 10 ya mwaka 1996 ya kuhifadhi na kusimamia rasilimali za misitu ndiyo inayotawala. Mwembe au mfenesi ulio shambani kwako pia unaombewa kibali kabla ya kukatwa, na njia huanzia kwa sheha kwenda kwa maofisa wa misitu. Misitu ya Jozani kule Unguja na Ngezi kule Pemba imehifadhiwa, mkarafuu haukatwi kwa kujiamulia, na mikoko ina masharti yake. Anayekuletea mbao za bei rahisi usiku bila ya karatasi anakuuzia kesi.

Sajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, chukua leseni kwa baraza la manispaa au la mji ulipo, na ujiandikishe Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Waulize mapema kama mauzo unayoyatarajia yatakuingiza kwenye kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa hapa Zanzibar ni asilimia 15, kwa sababu asilimia 15 isiyohesabiwa tangu mwanzo ni kubwa kuliko faida ya mabanda mengi.

Hatua ya tatu: nunua kwa futi kamba

Shehena yangu ya kwanza ilikuwa mbao 300 za mbili kwa nne. Nilizihesabu mara mbili, nikazikagua kama hazina mchwa, nikalipa, na sikupima hata mmoja. Siku ya pili tangu zifike bandani akaja fundi kijana, akachomoa futi kamba mfukoni, akaibana kwenye kichwa cha ubao, akanitazama kwa huruma, akasema: “Ami, hii si mbili kwa nne. Hii ni binamu yake.” Ubao ulikuwa inchi moja na robo tatu kwa inchi tatu na robo tatu.

Robo inchi inaonekana kama mchezo, lakini fanya hesabu. Mbili kwa nne kamili ina eneo la inchi 8 za mraba kichwani. Ile niliyonunua ilikuwa na inchi 6.56, yaani imepungua kwa asilimia 18. Katika mbao 300 nilikuwa nimelipia mti ambao ni sawa na mbao 54 zisizokuwapo. Wauzaji wa huko kiwandani wana sababu zao, na baadhi ni za kweli, kwa kuwa msumeno hula mti na ubao mbichi husinyaa ukikauka, lakini kusinyaa hakufiki robo inchi kwenye ubao wa inchi mbili. Pima mbao kumi kutoka sehemu mbalimbali za rundo, juu, katikati na chini, na pima ncha zote mbili, kwa sababu msumeno uliolegea hutoa ubao mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Zikiwa pungufu, usikatae papo hapo. Omba bei ya kile kilichopo.

Ikiwa unauziwa kwa ujazo, kumbuka kipimo kimoja rahisi: ubao wa mbili kwa sita wa futi 12 una futi moja ya ujazo barabara, na mita moja ya ujazo ni futi 35 na kidogo. Kwa hiyo mita moja hutoa mbao 35 za mbili kwa sita, 53 za mbili kwa nne, 106 za mbili kwa mbili, au 42 za moja kwa kumi. Ukiambiwa mita moja imetoa mbao 60 za mbili kwa nne, basi hizo ni binamu.

Baada ya kipimo, angalia maji. Paina iliyokauka ina uzito wa takriban kilo 500 kwa mita ya ujazo, na iliyopasuliwa jana inaweza kukaribia mara mbili yake. Ubao mkavu wa mbili kwa nne huwa na kilo 9 au 10, na mbichi unaweza kufika 17. Kwa lugha ya biashara, ukinunua mbichi unalipa nauli ya lori na ujira wa hamali kwa ajili ya maji, kisha maji hayo yanatoka bandani kwako na kuacha ubao uliopinda.

Halafu fanya kama wafanyavyo mafundi wenyewe. Inua ncha moja ya ubao hadi usawa wa uso, fumba jicho moja, utazame kwa urefu wake wote, kisha uugeuze upande na kutazama tena. Mpindo utauona hapohapo. Angalia kichwani kama kiini cha mti kimepita katikati ya ubao, kwa maana ubao wenye kiini hupenda kujisokota unapokauka. Fundo lililo katikati si tatizo kubwa, lakini fundo lililo ukingoni mwa ubao wa kenchi ndipo utakapovunjikia. Zile zenye madoa ya buluu ya ukungu usizidharau: rangi imeharibika, nguvu haikupungua kwa kiasi cha kumtisha mtu wa zege, na kwa kawaida utaziombea bei.

Kuhusu mbao zilizotiwa dawa, rangi ya kijani si ushahidi. Kata kipande cha kama shibiri moja kutoka kichwani na utazame ndani. Dawa iliyoingizwa kwa mtambo wa shindikizo huwa imezama ndani ya nyama ya ubao, ilhali ubao uliochovywa tu huonesha mstari mwembamba wa kijani ukingoni na nyeupe tupu katikati. Mteja anayelipa zaidi kwa kuogopa mchwa anastahili kujua ni ipi kati ya hizo mbili anayoinunua.

Hatua ya nne: piga hesabu mpaka chini

Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kufundishia tu. Weka zako mahali pake. Tuseme umenunua mbao 400 za mbili kwa nne kwa shilingi 5,000 kila mmoja, jumla 2,000,000. Lori limechukua 700,000, kupakia na kushusha Bara 80,000, jahazi 200,000, mahamali wa bandarini 80,000, ushuru na karatasi 240,000, gari kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi bandani 60,000, na kuzipanga 40,000. Shehena imekugharimu 3,400,000, na kila ubao umesimama kwa 8,500, si 5,000.

Hapo wengi huishia, na ndipo kosa lilipo. Katika hizo 400, tuseme 24 zimepasuka au zimepinda, nawe umeziuza kwa 4,000 kwa watu wa zege, ukapata 96,000. Zilizobaki nzuri ni 376, na gharama iliyobaki, 3,304,000, inabebwa na hizo tu: kila mmoja sasa umesimama kwa karibu 8,790.

Banda nalo linakula. Kodi 150,000, mlinzi 150,000, kijana wa dukani 200,000. Hiyo ni 500,000 kwa mwezi, uuze usiuze. Bei ya soko ni 11,000. Ukiuza zote ndani ya mwezi mmoja, utaingiza 4,136,000 pamoja na zile 96,000, na ukitoa gharama za shehena na za banda utabakiwa na faida ya 332,000. Ukiuza mbao zilezile, kwa bei ileile, kwa miezi miwili, umepata hasara ya 168,000.

Soma tena mfano huo kabla ya kuendelea, kwa sababu unaeleza kwa nini mabanda mengi hufunga huku wenyewe wakisema wanauza vizuri. Kinacholeta faida ni mbao ngapi zinatoka kwa mwezi dhidi ya gharama zisizosubiri. Ndiyo maana anayeuzia kwenye kiwanja cha nyumbani kwake, bila kodi, na kulinda mwenyewe, huweza kuishi pale ambapo mwenye banda la barabarani ameshindwa.

Hatua ya tano: vuka bahari salama

Paka rangi ya mafuta kwenye vichwa vya mbao zako kabla hazijapakiwa. Rangi hiyo itapunguza kupasuka kwa ncha, na chomboni, ambamo shehena za watu watatu zimelaliana, itakuwa alama yako. Weka mtu wako bandarini siku ya kupakua, ahesabu ubao unapotua begani mwa hamali, na si rundo likishakamilika. Mapatano ya ujira na mahamali yafanywe kabla kazi haijaanza. Wakati wa kusi bahari huchafuka na safari za majahazi huchelewa, hivyo usimwahidi mteja tarehe. Mwahidi baada ya kusikia chombo kimetia nanga.

Hatua ya sita: zilinde zikiwa bandani

Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi, na mbao zilizolaliana bila nafasi huota ukungu ndani ya siku chache. Weka matofali ya saruji kwa safu, rundo liinuke angalau futi moja kutoka chini ili mchwa aonekane akipanda, kisha baina ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene mmoja kila baada ya futi mbili. Vijiti hivyo lazima vikae kimoja juu ya kingine kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikikaa ovyo, uzito wa rundo utazipinda mbao ulizozinunua zikiwa zimenyooka. Juu weka mabati au makuti, na pembeni acha wazi upepo upite. Usizifunike kwa nailoni kama zawadi. Juu ya rundo weka mawe au mbao nzito za kulikandamiza tabaka la mwisho, kwa kuwa ndilo hujisokota mwanzo.

Ukiona unga mweupe mwembamba chini ya ubao, kuna mdudu anayetoboa. Utoe ubao huo siku hiyohiyo, usiuache ushirikiane na wenziwe.

Hatua ya saba: uza, pasua, na uogope daftari la madeni

Rudi kwenye mfano wetu: faida ya mwezi mzuri ilikuwa 332,000. Mbao 31 tu za mkopo usiolipwa, kwa 11,000 kila mmoja, zinaimaliza yote na kukuachia pengo la 9,000. Kukataa mkopo kabisa haiwezekani katika miji yetu midogo ambamo fundi ni jirani, na pengine ni shemeji. Nilichofanya mimi ni kumkopesha mwenye nyumba na si fundi, kwa maandishi na saini ya shahidi, na kutotoa shehena ya pili ya nyumba hiyo kabla ya kwanza kulipwa. Fundi hupewa kitu kingine: akileta mteja wa fedha taslimu, ana fungu lake linalojulikana, na mwenye nyumba analijua.

Mashine ya kupasulia na ya randa huongeza thamani, lakini kumbuka kwamba meno ya msumeno hula milimita tatu hadi tano kila yanapopita. Mbili kwa nne ikipasuliwa haitoi mbili kwa mbili kamili mbili. Mwambie mteja hivyo kabla hajakuambia wewe. Kama huna mashine, patana na mwenye mashine wa jirani kwa bei ya ubao mmoja mmoja, wala usikimbilie kununua ya kwako. Maranda hukusanywa kwenye magunia na wafugaji wa kuku huyanunua, isipokuwa ya mbao zilizotiwa dawa, ambayo hayafai kwa kuku, na vipande vyake havifai kuni za kupikia kwa kuwa moshi wake una sumu.

Hatua ya nane: fuata msimu

Unguja, watu wengi hutaka kupaua kabla ya masika ya Machi hadi Mei, kwa hiyo mbao za paa ziwe bandani kuanzia Disemba, ziwe zimekauka mwezi Januari na Februari wakati wa kaskazi. Masika yakiingia mauzo hupungua. Huo ni wakati wa kununua kidogo na kudai madeni. Pemba ina kalenda yake, na kalenda hiyo ni karafuu. Mwaka wa mavuno mazuri, pesa za karafuu zikishalipwa, kila kijiji kinataka bati na mbao kwa mara moja, na bei hupanda kwa sababu mabanda hayana kitu. Mwaka wa mavuno mabaya, banda lililojaza mbao kwa mkopo hukaa nazo. Nenda mashambani ukatazame mikarafuu inavyotoa kabla ya kuagiza, au muulize mchumaji, kwa kuwa yeye anajua mapema kuliko mfanyabiashara.

Agizo la shehena inayofuata litoke wakati mbao zimebaki kama thuluthi moja, ukihesabu siku za kiwandani, za barabarani, za kungoja chombo na za kukausha. Na saizi iliyokaa miezi mitatu bila kuguswa, ipasue iwe saizi inayotoka, hata kama utapoteza kidogo kwa msumeno, kisha nafasi yake irudishie mbili kwa nne.